Kofia ya felti: pima kichwa kabla ya kutoa pesa

Ukienda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kuchagua kofia ya felti (kitambaa kizito cha manyoya au sufu iliyoshindiliwa), usiamini lebo. Beba tepu ya fundi. Izungushe katikati ya paji la uso, kama sentimita moja juu ya masikio, ipite pale kisogo kinapojitokeza. Isibane, isilegee. Pima mara tatu, na ukiangukia kati ya saizi mbili chukua kubwa. Inayopwaya kidogo utaitia kipande cha sponji nyuma ya mkanda wa ngozi wa ndani. Inayobana itakuachia alama kwenye paji, na kichwa kitaanza kuuma kabla hujafika kituo cha basi cha Kencom, katikati ya jiji.

Sentimita 58 ni 7¼ kwa saizi za Marekani, lakini Uingereza huiita 7⅛. Hapo wengi huumia.

Umbo nalo lina neno. Kofia ikikubana mbele na nyuma huku kidole kinapenya kando, kichwa chako ni kirefu kuliko kofia. Kuongeza saizi hakutasaidia sana. Inahitaji fundi wa kuitia mvuke na kuikalisha upya kwenye kalibu.

Felti ya manyoya ya sungura hushika umbo kuliko ya sufu, ambayo ikinyeshewa hulegea upesi. Za mitumba zigeuze ndani kwanza: ngozi iliyokauka kwa jasho imeshasinyaa, na huivuta kofia nzima iwe ndogo. Na tafadhali, ivue kwa kushika ukingo, si kwa kuiminya pale juu mbele. Ndipo inapotobokea.