Kumbukumbu ya mradi wangu: mayai ya Zafarani

Wiki ya 1. Zafarani, geko chui wangu jike (aina ya mjusi mdogo wa kufugwa), amefika gramu 58. Nilijiwekea sharti tangu mwanzo: chini ya gramu 50 hapandwi, kwani kila yai linachota kalsiamu mwilini mwake na akiba ya mafuta mkiani. Leo nimemwingiza kwa Madoa, dume wangu. Dume alitikisa ncha ya mkia mpaka nikasikia ikigonga sakafu, akamshika shingoni kwa meno, na baada ya dakika chache kazi imekwisha. Nimewatenganisha papo hapo, maana dume akibaki humo jike hapati raha wala hali vizuri.

Wiki ya 4. Mayai mawili yanaonekana kupitia ngozi ya tumbo! Anasusa nyenje na kufukua kila pembe. Nimemwekea kisanduku cha kutagia chenye vamikulaiti (chembechembe za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, na unga wa kalsiamu wenye vitamini D3 naupaka kwenye wadudu wake.

Wiki ya 5. Ametaga usiku. Ganda ni laini kama ngozi. Kabla ya kuyagusa nimeweka alama ya penseli juu ya kila yai, kwa sababu kiinitete hujishikiza mapema na yai likigeuzwa baadaye kinaweza kufa. Kitotoleshi nimekiweka nyuzijoto 27. Kwa hawa joto ndilo linaloamua jinsia: karibu na 27 wengi huwa majike, karibu na 32 wengi huwa madume. Nataka majike, madume wawili hawakai chumba kimoja bila kuumizana.

Wiki ya 6. Nimemulika kwa tochi. Yai la kwanza lina duara jekundu na mishipa myembamba; nililitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. La pili ni manjano matupu, halikurutubishwa.

Wiki ya 8. Ametaga tena, ingawa hajamwona Madoa tangu ile siku. Jike huhifadhi mbegu mwilini. Mzani unasema gramu 51 na mkia umepungua unene. Hili limeniuma. Sasa anakula kila siku, na Madoa hatamwona tena msimu huu.

Siku ya 58 kitotoleshini. Jana yai lilitoa matone kama jasho, likabonyea. Asubuhi hii pua imechungulia kwenye mpasuko, na kufikia mchana mtoto yuko nje: gramu 3, mistari mipana ya rangi nyeusi na manjano imepishana mgongoni, madoa hana hata moja bado. Nilipofungua kifuniko alisimama juu ya miguu yake yote minne akanipigia ukelele, kinywa wazi.

Siku ya 62. Siku zote hizi aliishi kwa kiini kilichobaki tumboni. Leo amejivua ngozi ya kwanza, akaila, na jioni amekamata nyenje mdogo. Zafarani amerudi gramu 54.