Siku moja kambini Nyarugusu: kutoka "wanakuja" hadi "walikuja"

Saa 12 asubuhi. Gari la kazini linatuchukua Kasulu mjini. Ni Machi, masika, na barabara nyekundu imelowa chepechepe. Mimi ni mshauri nasaha. Nakaa na watu waliopata kiwewe, wengi wao Wakongo wa Kivu Kusini. Kambi hii ya wakimbizi, mkoani Kigoma, Tanzania, iliwapokea mwaka 1996, walipovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. (Watu nitakaowataja nimewabadilisha, asitambulike mtu.)

Saa 2. Mwalimu ameleta kijana wa miaka 13. "Mkaidi huyu. Namfundisha, yeye anatazama mlango." Namwuliza anakaa wapi darasani. Mbele kabisa, mlango uko mgongoni kwake.

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu chenye umbo la lozi, amigdala, ambacho ni mlinzi wetu. Kikihisi hatari hupiga kengele kabla hata hatujafikiri: moyo unaenda mbio, misuli inakaza. Aliyepitia makubwa, mlinzi wake halali. Kengele ikilia, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile ya kupanga na kutuliza, inazidiwa nguvu. Hesabu zitaingilia wapi? Tumekubaliana ahamie nyuma, mgongo ukutani, mlango auone. Hiyo si tiba, lakini kesho atasikia nusu ya somo, nami naona ni jambo kubwa.

Saa 4. Mama mmoja, kikao chetu cha nne. Katika kikao cha kwanza tulitandaza kamba sakafuni, tangu kuzaliwa kwake hadi leo, akaweka maua penye mazuri na mawe penye machungu. Leo tumefika kwenye jiwe kubwa: Uvira, mji wa Kivu Kusini, Oktoba 1996, akiwa binti mdogo.

Anaanza vizuri. Ghafla mvua inapiga bati. Anaruka, anashika ukuta, na maneno yake yanabadilika: "Wanakuja. Wanapiga mlango. Baba ananiambia nyamaza."

Kila msimuliaji wa Kiswahili huweka *-na-* kunogesha hadithi, lakini hatoki jasho, wala mikono haimtetemeki. Kwa mama huyu tukio halijapita. Hipokampasi, sehemu inayolipa tukio mahali pake na wakati wake, hushindwa kazi hofu inapozidi. Harufu, mlio na baridi ya sakafu vinahifadhiwa vipandevipande, bila tarehe. Bati likilia leo, mwili unajibu la 1996.

Simkatizi. Tukikatisha kikao hofu ikiwa kileleni, mwili utajifunza kwamba kukumbuka ni hatari. "Mama, hiyo ni mvua ya Nyarugusu. Gusa ukuta. Siku ile sakafu ilikuwaje?" "Baridi." "Na sasa hivi moyo wako?" "Unadunda." Tunakwenda hivyo, huku na huku, karibu saa mbili nzima, hadi pumzi inashuka. Mwishoni anasema taratibu, "Walipiga mlango. Baba aliniambia ninyamaze." Sikumfundisha ile *-li-*. Imekuja yenyewe.

Saa 7. Ugali na mgebuka. Sina hamu, ila nakula.

Saa 8 mchana. Kundi la kina mama wapya. Hapa hatusimulii lolote. Mtu asiyelala usiku huwezi kumwambia afungue jeraha siku ya kwanza, na wanaoharakisha jambo hili wanawaumiza watu. Tunavuta pumzi na kuitoa polepole, nyayo zikiwa chini. Mmoja anasema ametupiwa majini. Sibishani naye, namwuliza majini hayo yanakuja saa ngapi.

Saa 10. Nanakili simulizi ya asubuhi. Njia hii ya kusimulia maisha na kuyaandika ilijaribiwa Uganda, kambini Nakivale, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia. Matokeo yalichapishwa 2008, na waliotibu walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, si madaktari. Ndiyo maana huwa nakasirika nikiambiwa tiba ya kiwewe ni ya wenye hospitali kubwa.

Kikao kijacho nitamsomea mama niliyoandika, naye atasahihisha. Tukimaliza, karatasi zote ni zake. Alipokuwa akiondoka aliniomba kitu kimoja: "Dada, pale juu uandike na mwaka." Nimeandika: Uvira, Oktoba 1996.