Kumbukumbu ya mama na mfuko wa dawa

Mama yangu ana miaka 74, ana kisukari na presha, anaishi nami wilayani Hai, Kilimanjaro. Alipoanza kurudia swali lile lile na kuacha sufuria ikaungua jikoni, ndugu walisema ni uzee tu. Mjomba akaenda mbali zaidi, akataja kurogwa. Sikubishana naye, nilimpeleka mama kliniki.

Daktari alimtaka ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kisha apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Ni kipimo cha kumbukumbu na kufikiri kiitwacho IDEA, kilichojaribiwa kwa wazee wa huku huku Hai, na hakimdai mtu kujua kusoma. Mama aliishia darasa la pili, kwa hiyo kilimfaa. Njiti alizipanga vizuri. Maneno aliyoambiwa ayashike ndiyo yalimtoroka.

Lakini kilichotusaidia kuliko vyote ni mfuko wa dawa. Daktari alitaka aone kila anachomeza, nami nikapekua kabatini, chini ya mto, hadi mkoba wake wa kanisani. Ndipo vikaonekana vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, klorofeniramini, ambavyo mama alikuwa akinunua dukani na kumeza kila usiku apate usingizi. Mafua hana! Dawa hiyo huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huihitaji katika kukumbuka, na mzee huathirika zaidi kuliko kijana. Akaambiwa aiache. Metformini nayo, dawa yake ya kisukari, ikitumika miaka mingi, huweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo huvuruga kumbukumbu. Damu ikapimwa, B12 ikakutwa chini, akaanza sindano.

Masikio yalikuwa yamejaa nta. Yaliposafishwa, nusu ya "kusahau" kwake ikaisha, maana mengi hakuwa ameyasikia tangu mwanzo. Sikio la kushoto bado zito. Ripoti ya kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2024 inataja vihatarishi 14 vinavyoweza kupunguzwa vya demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu ashindwe kujitegemea, vikiwemo usikivu hafifu, presha, kisukari na upweke. Inakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Niliposoma hayo, nikaanza kumsindikiza kwenye sala za jumuiya, ambako alikuwa ameacha kwenda kwa sababu hasikii wenzake. Sasa anakaa jirani na msomaji.

Hajapona kabisa. Daktari anasema kumbukumbu imepungua kiasi, ila bado hajafika kwenye demensia, na atapimwa tena. Nyumbani tumeacha kumwambia "si nimeshakuambia?", kwa sababu humfanya anyamaze siku nzima. Dawa zake nazigawa mimi kila asubuhi. Hela za simu tumekubaliana azitume dada yangu akiwepo, baada ya mama kumtumia fundi malipo yale yale mara mbili. Fundi alirudisha, tena bila kuombwa.