Siku moja maishani mwangu: mpiga wavu kabla ya lipu

Ukisema unafanya kazi saiti watu wanakuuliza we fundi tofali, fundi bomba au fundi umeme. Hakuna anayewaza kuna mtu kazi yake ni kupigilia wavu ukutani kabla lipu haijapita. Mimi ndo huyo. Ninachofanya kinafunikwa kesho yake na hakionekani tena mpaka siku nyumba inabomolewa, na kwa vile wavu wenyewe ni huu huu wa banda la kuku, shemeji yangu mpaka leo anajua mi nafuga kuku. Kwaiyo nimeona niandike siku moja ya wiki iliyopita, nyumba iko Mjimwema, Kigamboni.

Saa kumi na moja alfajiri naamka, maji, chai ya jana, begi. Kwenye begi kuna nyundo, mkasi wa bati, plaizi, tindo, miwani ya kuzuia vipande na kopo la maziwa la kubebea misumari. Natokea Mbagala, daladala za kupitia Kongowe na Kibada, asubuhi hiyo unapata kiti ukiwahi, ukichelewa dakika kumi unasimama mpaka unashuka.

Saa moja na nusu niko saiti. Mzunguko wa kwanza siupigi nyundo, natembea tu na chaki nachora. Kila mahali zege linapokutana na tofali nachora mstari: nguzo, linta (lile zege la juu ya milango na madirisha), bimu, kona za juu za madirisha na milango. Alafu ile mifereji fundi umeme aliyoichimba kupitisha mabomba ya nyaya. Mana zege na tofali havifanani tabia, vikipata jua na mvua kila kimoja kinatanuka na kusinyaa kivyake, na lipu ikiwa juu yao vyote viwili bila kitu cha kuishikilia inachanika palepale kwenye muungano. Zile nyufa ndefu zilizonyooka unazoziona kwenye nyumba mpya, pembeni kabisa ya nguzo, wengi wanadhani msingi umezama. Mara nyingi ni wavu haukuwekwa, au uliwekwa ukashikizwa ovyo. Ukanda wangu unakuwa upana wa futi moja, nusu unakaa kwenye zege nusu kwenye tofali, yaani kama sentimita 15 kila upande. Pungufu ya hapo unajidanganya.

Saa mbili mpaka saa nne kukata wavu. Hamna cha kusimulia, mikono inachanika basi.

Saa nne na kitu mzee mwenye nyumba akaja na misumari. Hapa ndo siku iliharibika.

Jana yake nilimwambia mbele ya fundi mkuu, mzee naomba misumari ya zege ya inchi moja na nusu, na washa za bati lenye zinki, vile visahani vya kukaa chini ya kichwa cha msumari vibane wavu, na fisha namba sita, vile vya plastiki vya kuingiza kwenye tundu la ukuta, na skrubu zake kwa ajili ya tofali. Akaitikia sawa sawa fundi. Sasa anashuka na mfuko, nafungua, misumari ya mbao. Ile ya kawaida inayouzwa kwa kilo. Washa hakuna. Fisha hakuna.

Nikamwambia shikamoo mzee, hii siyo. Akasema marahaba, msumari si msumari bwana? Nikachukua mmoja nikaenda kwenye nguzo, nikaupiga mbele yake, ukalala. Nikachukua mwingine, ukalala kwa upande wa pili. Zege likishapita mwezi limeshakomaa, msumari wa mbao ni chuma laini hauwezi kuingia. Wa zege umepikwa ukawa mgumu, haupindi, ukizidiwa unakatika na kipande kinaruka, ndo mana navaa miwani ambayo vijana wa saiti wananiita daktari. Mzee akaniangalia akasema labda unapiga kwa hasira.

Nikacheka mana mtu mzima humjibu hivo. Akaendelea, kwani lazima kwenye zege, piga upande wa tofali peke yake. Nikamwelewesha, mzee ukishika upande mmoja tu huo wavu unafanya kazi gani, wenyewe umewekwa kuunganisha pande mbili. Akanyamaza kidogo. Alafu akaja na la washa. Washa za nini tena, mbona mafundi wengine wanapiga na vizibo vya soda? Ni kweli wanapiga, hata mimi nimeviona kwenye mabanda na kwenye mabati ya vibanda na havina shida huko. Ila hapa tuko Mjimwema, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani, kizibo ukishakitoboa kwa msumari umeshakikwaruza rangi yake, kinaanza kula kutu ndani ya lipu yenye unyevu, na kutu ikivimba inasukuma lipu, baadae unaona vidoti vya kahawia vinatokeza kwenye rangi yako nyeupe ya sebuleni. Unapaka rangi vinarudi. Kwa sababu hiyo hiyo hata wavu nilimkatalia ule wa bei ya chini usio na zinki.

Akasema basi punguza idadi, mbona umechora alama karibu karibu, futi moja futi moja, weka mita moja moja. Hapa nilitaka nikae chini kabisa. Wavu ukiushika kwa mita moja unafanya tumbo katikati. Fundi lipu akirusha mchanganyiko wake wavu unacheza, lipu inaachia nyuma, ikikauka ukigonga na kidole inalia tupu. Na lipu yenyewe ya ndani ni milimita 12 mpaka 15, kwaiyo tumbo likizidi hapo waya unachungulia nje na fundi anaanza kuongeza unene mahali pamoja ili aufiche, ukuta unakuwa na nundu, alafu anaulizwa yeye. Nami nikiwa nimeshaondoka na begi langu.

Mzee hakuridhika. Akatoa simu akampigia mtoto wa dada yake anayesomea uhandisi, akaweka sauti kubwa tusikie wote, fundi lipu, dogo wa zege, hata mama aliyekuja kuuza maandazi akasimama. Kijana wa watu akasikiliza, akasema mjomba, huyo fundi yuko sahihi, na isizidi futi moja na nusu kati ya msumari na msumari. Mzee akakata simu akasema na huyu naye.

Akaondoka kutafuta misumari. Duka la vifaa lililo karibu hawana ya zege, wana ya bati na ya mbao tu. Ikabidi aende mbele zaidi. Sasa wakati huo dogo alikuwa ameambiwa na mtu, sijui nani, kwamba wavu unamalizika saa tano, akachanganya mchanga na simenti mlima mzima na akatia maji. Mchanganyiko ukishapata maji haukusubiri, una saa moja, moja na nusu, baada ya hapo ukiuongeza maji unaua nguvu yake. Fundi lipu akaanza kuzunguka ule mlima na mwiko mkononi anaongea peke yake. Akanifata. We mpiga wavu mbona hupigi wavu? Nikamwonyesha mfuko wa misumari ya mbao. Akauangalia, akaniangalia, akaenda kuugawa mchanganyiko kwenye ukuta wa choo cha nje ambao hauna nguzo wala nini, angalau usipotee wote.

Mi sikukaa bure. Nikachukua tindo nikawa natoboatoboa uso wa bimu, mana wale waliosuka mbao za zege walipaka oili chafu ili mbao zitoke kirahisi, na oili ikibaki kwenye zege lipu haishiki hata uweke wavu wa dhahabu. Alafu nikapiga brashi ya waya, vumbi lote likatoka. Hii kazi haiko kwenye mapatano yetu. Saa za kusubiri nazo haziko kwenye mapatano, mi ni deiwaka, nalipwa siku, siku ikiliwa na misumari ya mbao imeliwa.

Saa saba wali maharage kwa mama ntilie, chini ya mkorosho. Saa nane kasoro ndo mzee karudi, na kiukweli safari hii kaleta vyenyewe, ila viboksi vichache, nikajua tu havitafika mwisho.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Unaanza katikati ya ukanda juu, msumari na washa, unavuta kushoto unapiga, unavuta kulia unapiga, alafu unashuka kwa kupishana, mmoja zege mmoja tofali, wavu unakaza wenyewe. Ukianza na kona utakuja kumaliza na tumbo na hamna pa kulipeleka. Na usiugandamize ukutani kabisa, uwe umeinuka milimita tano hivi lipu ipite nyuma yake iushike pande zote. Nguzo zilienda vizuri. Upande wa tofali ndo balaa, tofali za nyumba hii simenti ilionewa huruma, ukipiga msumari wa zege kwenye tofali unapasua shimo na msumari unatoka kwa mkono. Ndo kazi ya fisha, unatoboa kwa dirili biti ya sita, unaingiza fisha, skrubu na washa. Dirili inataka umeme, umeme uko kwa jirani, waya wa jirani unafika madirisha ya mbele tu. Nyuma nikatafuta maungio ya tofali, pale kwenye mota, ule mchanganyiko wa simenti na mchanga kati ya tofali, pana nguvu kidogo, nikapiga humo humo. Wajenzi wenye akili wakati wanapanda ukuta wanaacha vipande vya waya wa kufungia nondo ndani ya maungio, mkia umening'inia nje, we unakuja unafunga wavu kwa plaizi umemaliza. Kwenye miradi mikubwa mjini nasikia raha zaidi, wana bunduki ya misumari, unabonyeza tu. Huku kwetu bunduki ni mkono wa kulia.

Bimu ya sebule. Jamani. Kupiga msumari juu ya kichwa umesimama kwenye ubao uliowekwa juu ya mapipa mawili, kichwa nyuma, mkono wa kushoto umeshika msumari na washa na wavu kwa pamoja, vumbi la zege linaingia puani, jasho linaingia ndani ya miwani, ukivua miwani upanguse ndo kipande kinakuja, kwaiyo huvui, unapiga huoni vizuri, kidole gumba changu cha kushoto hakijawahi kuwa na kucha inayoeleweka tangu nianze hii kazi. Mabega yakianza kutetemeka unashuka unakunywa maji unapanda tena. Fundi lipu akawa chini ananisubiri, hasemi, anapiga mwiko kwenye ndoo tu ili nisikie.

Nilipomaliza ukanda akapanda, akaingiza kidole kwenye wavu akavuta pale na pale na pale. Haukucheza. Akashuka akamwambia dogo leta mzigo. Kwa yule fundi lipu hiyo ndo sifa, hajawahi kunisifia kwa mdomo na sitegemei. Ila kuna nyumba moja iko Tungi nilipiga wavu miaka ya nyuma, mvua kubwa zimepita juu yake, nikipita pale natupia jicho kona za madirisha toka barabarani, mwenye nyumba lazima ananishangaa huyu kijana anatafuta nini. Hamna hata mstari.

Misumari iliisha kabla ya chumba cha watoto, kama nilivojua. Jua lilishazama, nikakusanya vipande vya wavu visije vikamchoma mtu miguu, nikamkuta mzee kwenye gari anahesabu hela. Akanipa siku yangu, akatoa na ya nauli juu yake bila kuombwa, nikasema asante mzee, kesho ni boksi mbili zaidi za zege na washa zake, akasema nimeandika.

Saa tatu usiku niko kitandani mkono haujanyooka, simu inaita, ni yeye. Fundi, samahani kukusumbua, ile misumari ya mbao ya asubuhi uliiweka wapi, na ile uliyonionyeshea kwenye nguzo ukiinyoosha dukani wataipokea?

Nikamwambia mfuko uko chini ya ngazi. Hiyo iliyolala, mzee, tutajua kesho.