Mabafu mawili, vyumba kumi na viwili, seva moja

Nililelewa kwenye ploti ya Kayole yenye vyumba kumi na viwili na mabafu mawili. Mgeni akihesabu angesema hapo watu hawaogi. Tulioga, tena kila siku. Mama mboga alishamaliza saa tisa usiku kabla ya kwenda Marikiti, wanafunzi waliingia saa kumi na moja, na sisi tuliokuwa hatuna haraka tulingoja jua litoke.

Mabafu hayo nimeyakumbuka mwezi huu wote, nimeketi kwenye kijichumba cha seva hapa Industrial Area, koti mwilini na masikio yakivuma. Kazi yangu ilikuwa kugawa upya seva ya kampuni: Dell PowerEdge R720 tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, prosesa mbili zenye kore 8 kila moja, yaani vichwa vinane vya kufanya kazi, na RAM, kumbukumbu ya kazi, GB 128. Juu yake tuna Proxmox, programu inayogawa seva moja iwe mashine nyingi, na ndani ya Proxmox mashine pepe saba, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili: hifadhidata ya stoo, mfumo wa mauzo, Windows ya uhasibu, mafaili, ile inayotuma ankara KRA kwa mfumo wa eTIMS, ya ufuatiliaji, na moja ya majaribio ambayo kila mtu anasema si yake.

Mgawo wa zamani niliufanya mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ulikuwa mgawo wa kuogopa watu. Kila muuzaji wa programu alikuja na karatasi yake imeandikwa kore 8, nami nikampa 8. Saba mara nane ni 56, juu ya kore 16 halisi. Proxmox inahesabu thredi 32, yaani kila kore mara mbili, lakini thredi ni kama kuweka pazia katikati ya bafu: wawili wataingia, bomba ni lile lile.

Sasa, kushirikiana prosesa si kosa. Ndiyo maana ya mashine pepe. Wengi wao muda mwingi wamelala. Shida ni familia kubwa. Tulikuwa na jirani mwenye watoto wanane na kipande kimoja cha sabuni. Watoto wanaingia, wanajimwagia maji, halafu inagundulika aliye na sabuni bado yuko nje kwenye foleni. Waliomo ndani wanatetemeka bila kuoga, na hawatoki. Mashine ya kore 8 kwenye seva iliyojaa hufanya hivyo hivyo: kore moja inashika kufuli ya kerneli, moyo wa mfumo endeshi, ambayo hushikwa na mmoja tu kwa wakati, inaondolewa kwenye prosesa kabla ya kuiachia, na zile nyingine zinazunguka bure zikiingoja. Ukifungua programu ya top ndani ya mashine yenyewe, angalia tarakimu iliyo kando ya herufi st. Huo ni muda iliotaka kufanya kazi ikanyimwa prosesa. Yetu ya mauzo niliikuta asilimia 23. Nikaipunguzia kore kutoka 8 hadi 6, na watu wa kaunta wakaniuliza kama nimenunua seva mpya.

RAM ni hadithi nyingine. RAM ni kitanda.

Hata kitanda, kusema kweli, niliona kikishirikiwa. Chumba namba saba walikaa askari wa usiku na fundi wa mchana, kitanda kimoja, na kwa miezi hawakugombana. Mpaka askari alipopewa ofu. Mimi nilikuwa nimegawa GB 150 kwenye seva ya 128 nikitegemea baluni, ule utaratibu wa kuziomba mashine zirudishe RAM zisiyoitumia, yaani walale mzungu wa nne. Mwisho wa mwezi mmoja, mishahara ikipigwa, stoo ikihesabiwa, wote wakataka kitanda pamoja. Saa tano asubuhi hifadhidata ikazima. Haikuwa na kosa lolote. RAM ikiisha kabisa, kerneli hutafuta mchakato wa kuua ili wengine wapone, na kwa kawaida humchagua mnene kuliko wote. Kwetu mnene ni hifadhidata. Madam wa uhasibu alishuka ngazi mwenyewe kuja kuniona, na yeye hashuki ngazi.

Safari hii nilikusanya grafu za wiki tano kwanza, ili zikamate tarehe 9, siku ya mwisho ya PAYE, kodi ya mishahara, na tarehe 20, ya VAT. Wastani ungenidanganya. Hifadhidata kwa wastani inasinzia. Asubuhi ya tarehe 9 inakula kore sita bila kupumua.

Kisha kalamu na karatasi. Toa GB 8 za Proxmox yenyewe. Toa 12 za kashe ya ZFS, yaani RAM ambayo mfumo wa diski hujiwekea, na usipoiwekea kikomo itajinyoosha hadi ikushangaze. Zinabaki 108. Hifadhidata 40, bila baluni, na niliihesabia nafasi kabla ya wengine kwa sababu kila prosesa ina RAM yake ya karibu, GB 64; mashine ikikaa nusu huku nusu kule inalipa nauli kila ikivuka. Mauzo 16, uhasibu 16, mafaili 8, majaribio 8, eTIMS 4, ufuatiliaji 4. Jumla 96. Kore za kugawa zimeshuka kutoka 56 hadi 28.

Kwenye diski nilifanya dogo tu. Bakapu zote saba zilikuwa zinaanza saa sita usiku kamili, juu ya diski za kuzunguka zinazoweza operesheni mia na kitu kwa sekunde. Sasa zinafuatana kuanzia saa nne, na hifadhidata imehamia kwenye SSD mbili.

Juzi bosi aliipitia karatasi yangu, akaweka kidole kwenye zile GB 12 zilizobaki.

“Na hizi?”

“Kitanda cha mgeni, bosi.”

Akacheka, akauliza mgeni anakuja lini. Nikamwonyesha karatasi nyingine iliyokuwa chini ya kikombe chake cha chai, ya wale wa mfumo mpya wa kamera: kore 8, RAM 32.