Gia ya pili ilivyonigomea mpaka nilipojua oili ya giaboksi yangu

Gari yangu ni Land Rover Defender 110, injini ya 300Tdi. Kazi yake kubwa ni kupandisha vitunguu kutoka Mang'ola kuja Karatu mjini, na anayeijua barabara ile anajua kwamba gia ya kwanza na ya pili ndizo zinazokula mshahara. Niliinunua mkononi mwa mtu, na kama ilivyo desturi, kitu cha kwanza nikaipeleka gereji moja Arusha wamwage oili zote waweke mpya. Fundi akaniambia ninunue ndoo ya oili ya 90, ile oili nzito ya gia. Akaweka 90 kwenye giaboksi, 90 kwenye transfa (kisanduku cha gia kilicho nyuma ya giaboksi, kinachogawa nguvu mbele na nyuma), 90 kwenye difu zote mbili, zile za katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nikarudi nyumbani na amani.

Juni ilipoingia, baridi ya Karatu ikanionyesha kazi. Asubuhi nikitoka nyumbani, gia ya kwanza inaingia kwa shida, ya pili haitaki kabisa. Nikiilazimisha inakwaruza mpaka watu barabarani wanageuka. Ilinibidi nitoke na gia ya kwanza nirukie ya tatu, au nikanyage klachi mara mbili kama dereva wa lori la zamani. Nikitembea nusu saa giaboksi inapata joto, gia zinakuwa laini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikarudi kwa fundi. Akaendesha kidogo, akasema sinkronaiza ya gia ya pili, yaani pete inayolainisha gia kuingia, imekwisha, giaboksi ishushwe ifunguliwe. Spea pamoja na ufundi alinitajia laki tisa. Sikuwa nazo, na ndiyo bahati yangu, maana ningekuwa nazo ningezitoa siku ileile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Rhotia aliyeendesha Land Rover za watalii miaka mingi. Nilimkuta kwenye kituo cha mafuta, nikamweleza.

"Shikamoo mzee. Gari inanitesa asubuhi, ya pili haiingii."

"Marahaba. Humo ndani kuna oili gani, mwanangu?"

"Tisini, mzee."

Akatikisa kichwa. Akafungua mlango, akatazama kichwa cha gia. "Rivasi yako iko wapi?" Nikamwambia kulia, nyuma, chini ya gia ya tano. "Basi giaboksi hiyo ni aina ya R380. Ingekuwa kushoto na mbele ingekuwa LT77. Zote mbili hazitaki tisini. Tisini ni ya transfa na difu."

Hilo sikulijua. Mimi nilidhani gari ya gia za mkono oili yake ni 90, na ATF ile nyekundu ni ya otomatiki, kwisha habari. Kumbe LT77 tangu kiwandani inatiwa ATF, na R380 iliyoirithi inataka oili nyepesi iitwayo MTF 94, ambayo kwa namba za oili za gia ni 75W-80. Usiku ule nilikaa na simu yangu nikasoma kitabu cha matengenezo cha gari hili mpaka betri ikaisha.

Sababu yake nikaielewa hivi. Ndani ya R380 kuna pampu ndogo inayosukuma oili ipite katikati ya shafti kwenda kulainisha gia. Oili nzito ikiwa baridi, pampu inaivuta kwa tabu. Halafu kuna zile pete za sinkronaiza. Unapobadili gia, pete inajisugua kwenye koni ya gia mpaka mizunguko yao ilingane, ndipo meno yanaingia bila kelele. Ili isugue, lazima kwanza ikate utando wa oili uliopo katikati. Utando ukiwa mzito kama asali, pete inateleza tu, haishiki, na wewe unasikia meno yakikwaruzana. Joto likiingia oili inakuwa nyepesi, pete inashika. Kwa hiyo sinkronaiza yangu ilikuwa nzima, ila ilikuwa inaogelea.

Kwenye ndoo ya ile tisini kulikuwa na jambo la pili: daraja lake, GL-5. Oili ya GL-5 ina dawa nyingi za kuhimili mgandamizo kuliko GL-4, na imekusudiwa meno ya difu, ambayo yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Kwenye giaboksi yenye pete za shaba, dawa hizo zinaweza kuila shaba taratibu. Lakini msichukue hilo kama sheria ya kila gari. Subaru nyingi za gia za mkono zinatumia oili moja kwa giaboksi na difu ya mbele, na hizo zinataka GL-5 hasa. Honda wana MTF yao wenyewe. Swali la kuuliza dukani si "oili ya gari ya gia za mkono ni ipi", ni "giaboksi hii namba yake ni ipi na kitabu chake kinasemaje".

Dukani nilibishana sana. Muuzaji aliniambia kaka, ATF utaua gari. Wengine waliona 75W-80 wakasema hiyo ni nzito mno, kwa sababu wanailinganisha na 40 ya injini. Vipimo hivyo ni viwili tofauti. Oili ya gia ya 90 inakaribiana uzito na oili ya injini ya 40. MTF sikuipata siku ile, nikachukua ATF ya Dexron III lita tatu.

Nikaifanya mwenyewe, gari ikiwa ya moto, mahali tambarare. Fungua kwanza nati ya kujazia iliyo pembeni kabla hujagusa ya chini. Ukimwaga halafu ya juu ikakataa kufunguka, gari haliondoki hapo. Iliyotoka ilikuwa nyeusi, nzito, inanuka kiberiti, na kwenye mwanga ilikuwa na vumbi la rangi ya dhahabu. Kuliona lile vumbi kuliniuma. Nikajaza nyekundu mpaka ikaanza kutiririka kwenye tundu la pembeni. Kitabu kinasema lita 2.67.

Asubuhi iliyofuata, baridi kama kawaida, gia ya pili ikaingia kwa vidole viwili. Nilizima injini nikawasha tena, nikajaribu upya, maana sikuamini.

Baada ya kilomita 500 niliimwaga ile ATF ili itoe mabaki ya tisini, nikaweka MTF niliyoagiza Arusha. Kwa maoni yangu MTF ni bora: ATF ni laini asubuhi, lakini nikiwa na mzigo kwenye mwinuko na joto, giaboksi ilikuwa inavuma zaidi.

Wiki sita baadaye oili ya giaboksi ikapungua, na ardhini hakuna tone. Nilipofungua nati ya transfa, oili ikamwagika, nyepesi imechanganyika na nzito. Sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ilikuwa imechoka, na oili moja ilikuwa inahamia kwa nyingine. Sili ni bei ndogo, kazi ya kuishusha transfa ndiyo kubwa. Tulishinda siku nzima mimi na vijana wawili. Tangu hapo kila mwezi nafungua nati zote mbili, naingiza kidole, natazama rangi, nanusa. Mwezi huu giaboksi ilikuwa imejaa, na transfa ilinuka tisini tupu.