Msalaba wa udongo hupasukia kwapani

Ukitaka kujua kama kidani cha msalaba kitadumu, usitazame ncha zake. Tazama kwapani, pale mikono inapoungana na kiwiliwili. Udongo ukikauka hunywea, na mvuto wa pande zote mbili huishia kwenye kona hiyo. Kona ikiwa kali, ufa umeshapata mlango. Kwa hiyo kabla ya kushika kisu, chukua mrija wa wino wa kalamu, toboa tundu dogo kwenye kila kwapa, ndipo ukate mistari ifike kwenye matundu hayo. Kwapa la mviringo halipasuki ovyo.

Kuchagua umbo nako ni nusu ya kazi. Msalaba wa mguu mrefu, huu tuliouzoea makanisani, unaonekana rahisi lakini mguu hupenda kupinda. Ule wa Ireland wenye duara ni rafiki wa mfinyanzi, maana duara linaishika mikono yote minne. Ankh ya Misri ya kale inakuja na kitanzi chake, kwa hiyo hutoboi tundu la kamba; ila shingoni pa kitanzi iache nene. Msalaba wa Agadez wa Watuareg wa Niger ulizaliwa kwenye fedha ya kuyeyushwa. Ncha zake nyembamba hazitaki udongo, na kwa maoni yangu tuwaachie wahunzi.

Misalaba ya Ethiopia yenye nakshi za kusukwa inatamanisha, lakini ukiitoboa yote utabaki na vipande. Afadhali uige paa la Bete Giyorgis kule Lalibela, kanisa lililochongwa ndani ya mwamba: misalaba ya mikono sawa, mmoja ndani ya mwingine. Hiyo unaichora kwa sindano tu, bila kutoboa.

Sukuma udongo kati ya vijiti viwili vya milimita 5 ili unene uwe sawa. Subiri ukakamae kiasi kwamba kidole hakiachi alama, ndipo ukate. Pima kunywea kwa udongo wako mwenyewe: chora mstari wa milimita 100 kwenye kipande, kichome, upime tena. Ukipata 88, basi kidani cha milimita 50 kitatoka 44. Kama kamba ni ya milimita 2, toboa tundu la milimita 4, kwa sababu nalo linanywea na glezi, ile rangi inayoyeyuka motoni na kuwa kama kioo, italiziba kidogo. Liwe mbali na ukingo angalau milimita 4.

Kwenye kukausha ndipo wengi wanapoharibu. Upepo wa Januari hapa Moshi hukausha mikono kabla ya katikati, na mikono inakunjamana kama jani. Laza vidani kati ya magazeti, juu weka ubao mwepesi, funika kwa nailoni siku 2 au 3 za mwanzo. Kipindi cha masika ongeza siku. Kuhakikisha, weka kidani shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji. Watu husingizia hewa kidani kinapolipuka tanurini, kumbe ni maji yaliyogeuka mvuke.

Uchomaji wa kwanza uende taratibu, nyuzi 100 kwa saa hadi upite 600, kwa sababu kwenye 573 chembe za kwatzi (quartz, madini yaliyomo kwenye udongo) hutanuka ghafla. Kisha malizia hadi 1,000. Glezi ya uchomaji wa pili isiwe na madini ya risasi kabisa. Hiki kitu kinalala kwenye ngozi ya mtu. Ukipaka pande zote mbili, kining'inize kwenye waya wa nikromu, ule wa koili za majiko ya umeme, la sivyo kitagandia kwenye rafu. Waya wa kawaida wa chuma utaungua na kukatika. Au acha mgongo bila glezi, hata ngozi inaupenda.

Huna tanuri? Wafinyanzi wanawake wa Upare huchomea vyungu kwenye moto wa wazi. Joto hilo haliyeyushi glezi ya kawaida, basi usiipake: sugua kidani kwa kokoto laini kabla hakijakauka kabisa hadi king'ae, na baada ya kukichoma kizike kingali cha moto kwenye pumba za mpunga ndani ya kopo lenye kifuniko. Kitatoka cheusi.

Kamba ya ngozi ifungwe kwa fundo, si kwa pete ya chuma inayobana tundu. Na mteja akiuliza Arusha sokoni, mwambie ukweli kwamba ankh ilikuwa alama ya uhai karne nyingi kabla ya Ukristo, na Wakristo wa Misri waliichukua baadaye.